Mgeni Aliyekwisha Kuingia

Juni inapoelekea ukingoni, saiba za Emali hujaa. Mji huu umekaa pale barabara ya Oloitokitok inapojitenga na ile ya Nairobi–Mombasa, na wanaokuja kuwasilisha ritani za ushuru kabla ya tarehe 30 ni watu wa kila aina: mwenye duka la vipuri vya malori, mfanyabiashara wa mbuzi, mama anayenunua ndengu na maembe kwa jumla. Wengi hawana kompyuta nyumbani. Wanaketi mmoja baada ya mwingine kwenye mashine ileile, na kila mmoja anaandika PIN yake ya KRA, mamlaka ya ushuru, na nywila yake kwenye kibodi ileile. Wiki ijayo atarudi kwa ajili ya eCitizen, au mkopo wa HELB wa mtoto.

Kuna aina moja ya udhaifu wa programu ambayo kampuni kubwa zimezoea kuiweka chini kwenye orodha ya mambo ya kurekebisha. Mimi naamini kwamba kwenye mashine ya namna hiyo ndiyo ingestahili kuwa juu.

Kompyuta haizipi programu zote uwezo sawa. Programu iliyofunguliwa na mteja wa kawaida haipaswi kugusa faili za mfumo wala kusoma za mtumiaji mwingine. Msimamizi anaruhusiwa zaidi, na juu yake iko akaunti ya mfumo wenyewe, ambayo kwenye Windows inaitwa SYSTEM na karibu hakuna kinachoizuia. Programu yenye uwezo mdogo inapopata njia ya kutenda kwa uwezo ulio juu ya wake, wataalamu husema imejipandisha mamlaka, na huo ndio udhaifu ninaouzungumzia. Njia hiyo imepatikana mara nyingi ndani ya programu ambazo kazi yake ni kupokea programu nyingine iliyopakuliwa kutoka intaneti, kuiweka na kuianzisha. Tuziite vizinduzi. Kizinduzi kinahitaji uwezo mkubwa, maana kusakinisha ni kugusa mfumo. Wakati huohuo kinalazimika kusikiliza maelezo ya faili ngeni: jina langu hili, niweke hapa, nianzishe hivi. Nguvu na maneno ya mgeni vinakutana mahali pamoja.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni Java Web Start, iliyotolewa na kampuni ya Sun mwaka 2001. Ulibofya kiungo, faili fupi ya JNLP ikashuka, na Web Start ikaisoma, ikapakua programu yenyewe na kuianzisha ndani ya uzio. Ikiwa ndani ya uzio huo haikuweza kusoma hati zako wala kuanzisha programu nyingine, isipokuwa iwe na sahihi ya kidijitali na wewe ukubali. Maofisi yaliipenda. ASYCUDA World, mfumo wa forodha wa UNCTAD unaotumiwa na Uganda na Rwanda miongoni mwa nchi nyingi, umeandikwa kwa Java, na katika nchi kadhaa mawakala wa forodha waliufungua kwa faili ya namna hiyo.

Mwaka 2005 mtafiti wa Kifini, Jouko Pynnönen, alieleza kasoro yake. Faili ya JNLP ilimruhusu mwandishi kutaja sifa za programu yake, jina na thamani. Web Start ilizichukua sifa hizo na kuziunganisha kwenye amri ya kuianzisha Java, bila kuchunguza vya kutosha nafasi na alama za kunukuu zilizomo. Mwandishi mwenye nia mbaya aliweza kuifunga thamani katikati kwa alama ya kunukuu, kisha akaongeza neno la amri la kwake, kwa mfano lile linaloiambia Java ifuate kanuni za usalama alizoziandika yeye. Uzio ulikuwa umeondolewa kabla programu haijaanza, na aliyeuondoa ni kizinduzi chenyewe, kwa mkono wake, kikidhani kinatii amri halali. Sun ilirekebisha katika toleo la 1.4.2_07.

Aprili 2010, Tavis Ormandy akachapisha kasoro ya ukoo uleule: ukurasa wa tovuti uliweza kupenyeza maneno ya amri hadi kwenye Web Start. Alieleza kwamba alikuwa amewaarifu wenye programu, wakaona si jambo la kuwafanya watoe kiraka, yaani marekebisho, nje ya ratiba yao. Alipolitangaza hadharani tarehe 9, Oracle, ambayo wakati huo ilikuwa imekwisha kuinunua Sun, ilitoa kiraka tarehe 15. Siku sita zilitosha. Web Start yenyewe iliondolewa kabisa katika Java 11 mwaka 2018.

Ugonjwa huo ulihamia kwenye simu. Agosti 2018 kampuni ya Epic Games iliamua kuusambaza mchezo wa Fortnite kwenye Android bila kupitia duka la Google. Ulipakua kwanza programu ndogo, nayo ikaupakua mchezo wenyewe, ikaukagua, kisha ikaomba usakinishwe. Tatizo lilikuwa mahali ulipowekwa baada ya ukaguzi: kwenye hifadhi ya pamoja, ambako programu nyingine yoyote yenye ruhusa ya kuandika humo ingeweza kuubadilisha. Ni kama kontena lililokaguliwa bandarini Mombasa, lakini bila lakiri, likalala Emali usiku kucha. Atakayelifungua mwisho wa safari ataamini karatasi za bandarini.

Kwenye simu za Samsung ilikuwa mbaya zaidi. Huko programu ya Epic ilitumia mlango maalum wa duka la Samsung, uliosakinisha kimyakimya bila kumuuliza mwenye simu, ukitazama tu kama jina la ndani la kifurushi ni lile la Fortnite. Na kifurushi bandia kikijitangaza kuwa kimeandikwa kwa ajili ya Android ya zamani, kilipewa ruhusa zote kilizoomba papo hapo. Kwa hiyo tochi au kikokotoo kilichopewa ruhusa moja tu, ya kuandika kwenye hifadhi, kingeweza kumwingiza mwenzake mwenye ruhusa za kusoma ujumbe mfupi na kusikiliza maikrofoni. Google iliwaarifu Epic tarehe 15 Agosti, na marekebisho yalitoka ndani ya siku mbili hivi. Anayepokea programu kwa WhatsApp au kwa Xender na kuziweka moja kwa moja ajue kwamba ruhusa ya kuandika kwenye hifadhi si ndogo kama inavyosikika.

Sasa nifike kwenye hoja ya kampuni. Mwaka 2019 mtafiti Vasily Kravets aligundua kwamba huduma ya Steam, programu ya Valve inayopakua na kuanzisha michezo, ilikuwa ikifanya kazi kwa uwezo wa SYSTEM, na mtumiaji yeyote aliweza kuiwasha. Ikiwashwa, ilifungulia watumiaji wote sehemu fulani ya rejista ya Windows, ghala la mipangilio yake. Kwa kuelekeza kiungo kutoka sehemu hiyo hadi sehemu nyingine ya rejista, mtu wa kawaida alijipatia haki ya kubadilisha mipangilio ya huduma za mfumo. Ripoti yake ilikataliwa kwanza kwa sababu kwamba mshambuliaji angehitaji kuwa tayari ndani ya kompyuta. Baadaye Valve ilirekebisha na kukiri kwamba kumkataa lilikuwa kosa.

“Tayari ndani.” Maneno hayo yana maana kwa mtu mwenye kompyuta moja chumbani kwake, anayoitumia peke yake: akishaingia mwizi, mengi yameharibika. Saiba ni kitu kingine. Hapo kila mtu yuko ndani. Mgeni amelipa, ameketi, ana kibodi, ana fleshi mfukoni. Jambo kubwa linalomzuia asiweke programu ya kunasa nywila za wote watakaoketi baada yake ni mpaka kati ya uwezo wake na uwezo wa mfumo. Udhaifu unaouvunja mpaka huo ndio wa kuogopwa kwanza, na kipimo kilichowekwa kwa kumfikiria mwenye kompyuta ya peke yake hakiwezi kuliona hilo.

Si lazima hata mgeni awe mbaya. Fomu ya Excel ya iTax, mfumo wa ritani wa KRA, wanayotumia wafanyabiashara ina makro, na makro ni programu. Usipoziruhusu, fomu haihakiki hesabu wala haitoi ile faili ya zip ya kupakia. Basi mhudumu anaelekeza kwa upole: “Mzee, bonyeza hapo kwa manjano.” Mtu mzima amejifunza kwamba kuruhusu programu iliyotoka intaneti ni sehemu ya kulipa ushuru, na fomu bandia ikimfikia kwa barua pepe atabonyeza vilevile. Sioni vibaya kumwambia KRA kwamba mzigo huu ni wake: fomu inayojazwa moja kwa moja kwenye tovuti, kama ile ya waajiriwa, iwafikie wafanyabiashara wote.

Mwaka 2022 Microsoft ilianza kuzuia makro za faili zilizotoka intaneti, na utepe wa manjano ukageuka mwekundu usio na kitufe cha kuruhusu. Windows huitambua faili hiyo kwa alama iliyofichwa kando yake, mistari michache tu: wa kwanza unasema ZoneTransfer ndani ya mabano, wa pili ZoneId=3. Namba 3 ni intaneti. Lakini alama hiyo hukaa tu kwenye diski za muundo wa NTFS, na fleshi nyingi ni za FAT32 au exFAT. Hamisha faili kutoka mashine ya dirishani hadi ile ya kwenye printa kwa fleshi, na alama imepotea njiani. Excel ya pale itaifungua kana kwamba ilizaliwa hapo hapo.

Mwenye saiba anaweza kufanya nini? La kwanza halina gharama: wateja wakae kwenye akaunti ya kawaida. Mahali pengi wanaketi kwenye akaunti ya msimamizi kwa sababu mhudumu amechoka kuitwa kila printa inapodai idhini, na hapo mamlaka yamekwisha kutolewa bure, hakuna haja ya udhaifu wowote. La pili ni kuondoa vizinduzi visivyotumika: Java ya zamani, vizinduzi vya michezo, visakinishi vilivyosahaulika. Kila kimoja kinaweza kuwa kimeacha huduma yenye uwezo wa mfumo.

La tatu ni viraka, na hapa pana ugumu wa kweli. Novemba 2021 Microsoft ilitoa kiraka cha Windows Installer, kisakinishi kilichomo katika kila Windows. Mtafiti Abdelhamid Naceri, aliyekuwa ameripoti kasoro ile, akaonyesha mwezi huohuo kwamba bado mtumiaji wa kawaida aliweza kujipatia SYSTEM. Kiraka kilichofuata kilikuja Desemba. Kasoro za aina hii hazijaisha, na kinga yake ni kupokea viraka mfululizo. Windows 10 ilipoteza msaada wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Mashine iliyoandikishwa kwenye mpango wa nyongeza huendelea kupata viraka vya usalama kwa muda tu baada ya hapo. Windows 11 inadai chipu ya TPM 2.0 na kichakato cha miaka ya karibuni, vitu ambavyo kompyuta nyingi za ex-UK, zilizokwisha kutumika Uingereza, hazina. Kwa mashine kama hizo ningeweka Ubuntu badala ya Windows na LibreOffice badala ya Excel, na kwa kuwa KRA imetoa fomu ya iTax pia katika muundo wa ODS, ningeijaribu mapema, Aprili au Mei, foleni ikiwa bado fupi.