Sambusa Zinataka Mikono Mingi

Ramadhani ikiingia, mtaa wa Makina huko Kibera, Nairobi, hunukia mafuta na dania kuanzia alasiri. Sambusa huuzwa kando ya njia za kwenda msikitini na sokoni, na mwenye haraka hana haja ya kuwasha jiko. Hata hivyo wako wanaoendelea kuzikunja nyumbani, na naamini wanafanya vyema. Sisemi za nyumbani ni tamu zaidi, maana wauzaji wengine ni mafundi hasa. Ninachokitazama ni kazi yenyewe. Tofauti na wali au mchuzi, sambusa ina hatua nyingi ndogondogo zinazotaka watu kadhaa kwa wakati mmoja. Katika jiji ambalo wazazi wengi hutoka alfajiri na kurudi usiku, ni shughuli chache zinazowakalisha wakubwa na wadogo wa nyumba moja mahali pamoja, kila mmoja akiwa na kazi inayotegemewa na mwenzake.

Chukua manda, yaani ganda la sambusa. Unga wa ngano hukandwa kwa maji, chumvi na mafuta kidogo hadi ulainike, ukapumzishwa, kisha ukakatwa madonge. Kila donge husukumwa kuwa duara dogo, hupakwa mafuta na kunyunyiziwa unga, halafu maduara manne au matano hupandanishwa na kusukumwa pamoja hadi yawe chapati moja pana. Chapati hiyo hupashwa tu kwenye kikaango kikavu, isiachwe ibabuke, na ikiepuliwa lazima ibanduliwe tabaka kwa tabaka ingali moto, kwani ikipoa hugandana na kuchanika. Zikishakatwa vipande, manda huwa na adui mwingine, hewa: zisipofunikwa kwa kitambaa chenye unyevu hukauka kingo na kuvunjika zinapokunjwa. Ndiyo maana mtu mmoja anayesukuma, kupasha, kubandua, kukunja na kujaza peke yake hukimbizana na wakati, na adhana ya magharibi humkuta bado. Wakiwa wanne, mmoja yuko motoni, mwingine anabandua, wa tatu anakunja pembe na kujaza, na mtoto wa miaka saba anapaka ukingo uji mzito wa unga unaotumika kama gundi. Wala mtoto huyo hakupewa kazi ya kumzuga. Ncha ya chini ikibaki na tundu, mafuta huingia, nyama hutoka, na karai zima huchafuka.

Wako watakaosema mapishi haya ni ya pwani na ya Wahindi, hayana asili Kibera. Ni kweli Makina ilijengwa na Wanubi, askari wenye asili ya Sudan waliotumikia jeshi la Waingereza la King's African Rifles na kupewa makao hapo mwanzoni mwa karne ya 20. Lakini sambusa yenyewe haijawahi kuwa ya kabila moja. Maelezo ya kuipika yamo katika kitabu cha mapishi cha Baghdad cha karne ya 10, na katika karne ya 14 Ibn Battuta aliikuta Delhi, nyama ya kusaga ikiwa imefungwa ndani ya mkate mwembamba na kukaangwa kwa samli. Chakula kilichosafiri hivyo hakikurithiwa kwa damu. Kimepita kwa mtu kukaa karibu na mtu na kumtazama vidole, na mtaa wa watu mchanganyiko kama Makina una haki yote ya kukiita chake.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba tunapoisifu kazi ya familia, mara nyingi tunasifu kazi ya mama na binti zake, huku wanaume wakingoja sahani. Sina la kupinga hapo. Ndivyo ilivyo katika nyumba nyingi, na tena kwa watu waliofunga. Dawa yake lakini si kuacha kupika. Jijini Nairobi wanaume hukaanga sambusa hotelini na kuzitembeza mitaani kwenye ndoo, wala hakuna anayewashangaa. Ikiwa vidole vya mwanamume vinaweza kukunja pembe kwa malipo, vinaweza kuikunja nyumbani bila malipo. Kukunja hakuhitaji nguvu wala jinsia, na baba anayejua kubandua manda humpunguzia mkewe saa nzima ya kusimama.

Gharama ni hoja nyingine ya kweli, kwani mafuta na nyama si vya kila siku. Ndengu zilizochemshwa au viazi hujaza sambusa vizuri mno, mradi viwe vikavu. Hata nyama hukaushwa kabisa na kupozwa ndipo vitunguu na dania vichanganywe, la sivyo hutoa maji na kulainisha manda. Asiye na muda anunue manda za dukani, maana kukunja na kujaza bado kutawaleta watu pamoja. Chumba kikiwa futi kumi kwa kumi, mkeka na sinia moja vinatosha, ila jiko na karai vikae mbali na watoto, na kukaanga kubaki kazi ya mtu mzima. Mafuta nayo yapimwe kwa kipande cha manda: kikizama kimya, mafuta bado ni baridi na yatanyonywa, kikipanda kwa mapovu ya utaratibu yako tayari. Asiye na friji hawezi kukunja za wiki nzima akaziweka, hivyo hukunja za futari ya siku hiyo tu. Kwa familia inayozipika kila jioni, mtoto aliyeanza mwezi kwa kupaka gundi ana majioni 29 au 30 ya kujifunza pembe kabla ya Idi.