Mawimbi ya intaneti nayo yanahitaji mizani ya haki

Kila anunuaye mahindi katika soko la Kibuye, hapa Kisumu, anaijua gorogoro. Ni mkebe wa bati ambao kwa desturi huchukua takriban kilo mbili za nafaka, na ndio mizani ya mnyonge katika masoko mengi ya Nyanza. Mnunuzi mwerevu, kabla ya kuuliza bei, hutazama kwanza kitako cha mkebe. Akikuta kimegongwa kikabonyea kwa ndani, hutambua kwamba gorogoro ya muuzaji huyo si sawa na ya jirani yake, ingawa zote mbili zinaitwa kwa jina moja.

Nimetanguliza habari ya gorogoro kwa sababu hivi majuzi nimeshuhudia akina mama wenye macho makali kama hayo wakipunjika mchana kweupe, si katika mahindi bali katika mawimbi ya redio.

Kikundi chao huuza samaki katika ufuo mmoja usio mbali na Dunga. Walichanga fedha ili waletewe intaneti isiyotumia waya, ile inayorushwa kutoka mnarani na kupokewa kwa antena iliyofungwa juu ya mlingoti. Haja yao haikuwa anasa. Walitaka kujua bei ya samaki mjini kabla ya kuafikiana na wachuuzi na, zaidi ya yote, kupata utabiri wa hali ya hewa jioni, kabla ya waume na wana wao kuwasha taa na kuingia ziwani kuvua omena usiku kucha.

Wauzaji wawili walifika na mitambo yao. Wa kwanza ulionyesha kwamba nguvu ya mawimbi ni 80 katika 100. Wa pili ulionyesha hasi 71. "Mwalimu," mwenyekiti wao aliniambia baadaye, "hata mtoto wa chekechea angejua namba ipi ni kubwa." Wakanunua wa kwanza, uliokuwa ghali zaidi. Jioni ilipowadia, ukurasa wa utabiri ukakataa katakata kufunguka.

Kwa kuwa nilipata kufundisha fizikia, niliitwa. Nilimwomba kijana mmoja fundi auazime ule mtambo wa pili, tukaifunga yote miwili kwenye mlingoti uleule, kwa urefu uleule, ikielekea mnara uleule. Kisha tukaacha kutazama asilimia, tukatafuta ndani ya kila mtambo kipimo kinachojulikana kama desibeli kwa miliwati. Loo! Mmoja ulisoma hasi 70, mwingine hasi 71. Ilikuwa mahindi yaleyale katika mikebe miwili.

Msomaji asitishwe na alama ya hasi. Kipimo hiki huanzia kwenye miliwati moja, ambayo huandikwa sufuri. Mawimbi yanayotufikia ni hafifu mno kuliko hapo, ndiyo maana husomwa chini ya sufuri, mfano wa deni: mwenye deni la 60 ana nafuu kuliko mwenye deni la 70. Kila tukishuka kwa 10, nguvu hupungua mara kumi. Tukishuka kwa 3, hubaki takriban nusu. Hasi 70 ni sehemu moja tu ya milioni kumi ya miliwati, na bado mtambo mzuri huitumia bila taabu.

Basi ile 80 ilitoka wapi? Ilitoka kwa mtengenezaji. Kanuni ya kimataifa ya mitambo ya aina hii, iliyotolewa mwaka 1997, ilimwachia kila kiwanda kujiamulia ngazi zake za kuonyesha nguvu ya mawimbi, mradi zisipite 255. Mmoja hugawa ngazi zake mia, mwingine sitini. Na vile vijiti tuvionavyo kwenye kioo cha simu ni vivyo hivyo. Mwezi Julai 2010 kampuni ya Apple ya Marekani ilikiri hadharani kwamba hesabu iliyokuwa ikitumia kuchora vijiti katika simu zake ilikuwa na makosa, hata mara nyingi vikaonekana viwili zaidi ya inavyostahili. Ikiwa kampuni kubwa kama hiyo iliteleza, seuze wengine?

Lakini nguvu peke yake si hoja. Wahenga walinena kwamba debe tupu haliachi kuvuma, na angani mavumo ni mengi. Asubuhi tulipopima, kelele ya mitambo mingine ilikuwa chini sana, nayo intaneti ikatiririka. Jioni nguvu ilibaki vilevile, ila kelele ilikuwa imepanda na kuukaribia wimbi letu, kwa sababu majirani walikuwa wakitumia masafa yaleyale. Ziwa nalo lina vitimbi vyake: maji yakitulia huakisi mawimbi kama kioo, na wimbi lililoakisiwa linaweza kukutana na lile lililokuja moja kwa moja, yakapunguzana nguvu. Kwa hiyo anayepima mara moja, adhuhuri, kisha akaondoka na fedha zake, hajapima kitu.

Fundi wetu alibadilisha masafa, akashusha antena kidogo, na jioni iliyofuata utabiri ukasomeka kwenye mtambo wowote kati ya ile miwili. Tofauti ya bei ambayo kikundi kililipa ingewanunulia wavuvi wao jaketi kadhaa za kuokolea maisha. Fedha hizo hazikurudi.

Nchi hii ina Sheria ya Vipimo na Mizani, Sura ya 513, na wakaguzi wake hupiga mhuri mizani za wauza nyama na wauza samaki. Tunayo pia Mamlaka ya Mawasiliano, ambayo huidhinisha mitambo ya mawasiliano kabla ya kuuzwa. Rai yangu ni kwamba kibali hicho kiambatane na sharti moja: kila mtambo uonyeshe waziwazi, mahali ambapo mnunuzi ataona, nguvu ya mawimbi kwa desibeli pamoja na kiwango cha kelele. Hadi siku hiyo, mnunuzi na adai mitambo ipimwe juu ya mlingoti mmoja, asubuhi na jioni, kabla hajatoa hata shilingi.

Mwenyekiti wa kikundi amekwisha kulishika somo. Kijana mmoja alipomjia wiki iliyopita akisifu mtambo wenye vijiti vitano, mama yule alimtazama kwa upole akamwambia, "Mwanangu, kwanza nigeuzie mkebe wako nione kitako."