Intaneti Ikizimika Ofisini: Tupime Kwanza, Tuseme Baadaye



Asubuhi moja ya Desemba 2023, wiki ya uchaguzi, kompyuta ya ofisi yetu hapa Kolwezi ilikataa kufungua barua pepe. Kijana mmoja anayejitolea kwetu akasema, "Wamekata!" Nusu saa haijapita, tukaanza kupigiwa simu kutoka Fungurume na kwenye makambi ya wachimbaji: je, ni kweli kuna fujo mjini? Mama mmoja wa Musonoi alikuwa amekwisha kufunga duka na kupeleka watoto kwa dada yake. Fujo haikuwepo. Waya wa modemu ulikuwa umechomoka tulipofagia chumba.

Hofu ile ilikuwa na sababu. Tarehe 31 Desemba 2018, siku moja baada ya uchaguzi, serikali ilikata intaneti nchi nzima, na ikarudi baada ya siku 20 hivi. Ilikatwa pia Januari 2015 na mwishoni mwa Desemba 2017. Kwa hiyo intaneti ikinyamaza, watu husikia hatari. Sisi tunaofanya kazi ya amani inatupasa kujua kutofautisha waya uliochomoka na amri ya serikali. Kupima hakuchukui muda mrefu. Anza karibu, kisha nenda mbali.

1. Mezani. Tazama nyaya, taa za modemu, na kama Wi-Fi ya kompyuta imewashwa. Zima modemu, hesabu hadi 30, washa tena. Kama unatumia laini ya simu, hakikisha mega hazijakwisha.

2. Kompyuta. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika cmd, bonyeza Enter, kisha andika ipconfig. Anwani ikianza na 169.254, kompyuta haijapewa anwani na modemu. Kasoro iko kati ya hizo mbili.

3. Modemu. Kwenye orodha hiyo hiyo tafuta "Passerelle par défaut", kwa kuwa kompyuta zetu nyingi ziko katika Kifaransa. Andika ping, acha nafasi, weka namba uliyoiona hapo. Ukipata "Réponse de" yenye muda wa jibu, njia hadi kwenye modemu ni nzima.

4. Nje. Andika ping 8.8.8.8. Ikijibu lakini kurasa hazifunguki, intaneti ipo. Huenda huduma inayogeuza majina ya tovuti kuwa namba ndiyo imekwama. Tazama pia tarehe. Kompyuta kuukuu ambayo betri yake ndogo ya ndani imekufa husahau tarehe umeme unapokatika, na tovuti nyingi zenye ulinzi hazifunguki kwenye kompyuta inayodhani tuko mwaka 2009.

5. Jirani. Kama 8.8.8.8 haijibu, waulize watu wawili wanaotumia kampuni nyingine. Wao wakipata intaneti, tatizo liko upande wa kampuni yako. Ipigie simu. Wote wakikosa, bado usiseme "serikali". Agosti 2023, maporomoko chini ya bahari, mbele ya mdomo wa mto Kongo, yalikata nyaya za WACS na SAT-3, na nchi kadhaa za Afrika zikapata shida ya intaneti. Hakuna mtu aliyetoa amri.

Ukimaliza, andika daftarini saa tatizo lilipoanza na hatua uliyofikia. Kisha wapigie wanakamati wa amani na uwaambie yale tu uliyoyapima. Kwa mfano: "Hatuna intaneti tangu saa mbili asubuhi. Kampuni tatu tulizojaribu hazina. Sababu hatujaijua. Simu za kawaida zinapita." Maneno hayo hayamkimbizi mtu nyumbani kwake.

Na siku wakikata kweli, daftari hilo litakuwa na kazi. Ripoti yenye saa, vipimo na majina ya mitandao iliyozimika ina uzito kuliko malalamiko matupu, na wanakamati wataiamini kwa sababu hatukuwapigia kelele ya bure siku nyingine.

Ofisini kwetu hatua hizi tano zimebandikwa ukutani, juu ya modemu. Ya kwanza ndiyo inayotutatulia matatizo mengi. Tunaomba kila kamati yenye kompyuta izinakili na kumfundisha angalau mtu mmoja zaidi, kabla ya uchaguzi mwingine kufika.