Transibreki na Mteremko wa Kisarawe

"Shikamoo, fundi." Kijana aliegesha Mark II yake mlangoni mwa gereji yangu hapa Maili Moja, Kibaha, akanionyesha kwenye simu picha ya valvu bodi ya mashindano, ile yenye transibreki. Alitaka nimfungie.

"Marahaba, mwanangu. Njoo kwanza uione hii."

Nilikuwa nimeifungua moja mezani. Valvu bodi ni kipande cha aluminiamu kilichochimbwa vijia vingi kama nyumba ya mchwa. Pampu inasukuma hydroliki, yaani mafuta ya giaboksi, humo, na valvu nyembamba kama kalamu zinateleza huku na huku kuamua ni klachi ipi ibanwe. Klachi ikibanwa, gia imeingia. Ndani mna vigololi vya ukubwa wa mbegu ya papai. Nilipokuwa najifunza kazi, nilishusha giaboksi ya Noah mara mbili kwa sababu ya kigololi kimoja nilichokiweka mahali pa mwenzake.

Transibreki ni kazi ya valvu hizohizo. Kwenye mashindano ya mita 402 kule Marekani, dereva anabonyeza kitufe, solenoidi inapeleka mafuta gia ya kwanza na rivasi kwa pamoja. Gia hizo mbili zinakabana, gari haliendi mbele wala nyuma, huku injini ikinguruma kwa nguvu zote. Akiachia kitufe, rivasi inatoka na gari linachomoka. Breki ya mguu haiwezi kazi hiyo, kwani injini kali huzungusha matairi hata ukiikanyaga. Ila sekunde chache tu za kukabana huko zinatosha hydroliki kupata moto sana ndani ya toka konveta.

Huko wengi hufunga giaboksi ya Powerglide ya Chevrolet, iliyotengenezwa 1950 hadi 1973, yenye gia 2 tu. Ni nyepesi na hainyonyi nguvu nyingi ya injini. Gari likiwa zito, Turbo 400 iliyoanza 1964 inafaa zaidi, maana ina gia 3 na ya kwanza yake inavuta kwelikweli.

Nikamuuliza, "Wewe unakaa wapi?"

"Kisarawe."

"Ukishuka kuja Pugu unafanyaje?"

"Naweka 2, fundi. Injini inalishika gari."

Hapo ndipo nilipotaka tufike. "Valvu bodi nyingi za mashindano ni za mkono, kila gia unabadili mwenyewe, na kuna zilizoondolewa kabisa huko kushikwa na injini. Mkimbiaji wa mita 402 hana mteremko wa kushuka. Wewe unao kila siku, pengine na abiria wanne na magunia ya mkaa kwenye buti, na breki zikipata moto hutakuwa na kingine cha kukushika. Sitamfungia mtu kitu hicho kwenye gari la barabarani, hata alipe mara tatu."

Kijana akarudisha simu mfukoni. Nikachomoa dipstiki ya giaboksi yake na kuifuta kwa kitambaa cheupe. Hydroliki ilikuwa nyeusi, inanuka kama ukoko ulioungua.