SOKA AU KIKAPU? MWACHENI DOGO AAMUE MWENYEWE

Kuwa na kijana mwenye vipaji viwili nyumbani kuna raha yake na balaa lake. Raha ni pale dogo anapofunga mabao mawili Jumamosi, Jumapili akatamba kwenye mpira wa kikapu, na mtaa mzima ukamjua. Balaa linaanza makocha wote wawili wanapomtaka mazoezini siku ile ile, saa kumi jioni ile ile. Baba anasema soka, mjomba anasema kikapu, mama anasema aache yote ashike kitabu. Mwenye miguu yake haulizwi!

Kabla hamjamvuta huku na huku, hebu tulizeni boli.

ANA MIAKA MINGAPI?
Kama hajafika 15, haraka ya nini? Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani, katika taarifa yake ya mwaka 2016, kilishauri mtoto asibanwe kwenye mchezo mmoja mpaka afike angalau miaka 15 au 16, na kila wiki apumzike siku moja au mbili. Anayerudia mchezo ule ule mwaka mzima huchosha viungo vile vile, magoti yanaanza kulalamika, na mwisho anauchukia mchezo wenyewe. Lakini michezo miwili bila kupumzika nayo ni mateso. Akicheza yote, makocha wakae chini wagawane siku.

UREFU SI MKATABA
Wapo wanaosema, "Huyu mrefu, mpelekeni kikapu, atakuwa Hasheem Thabeet." Taratibu jamani! Kweli Thabeet, mtoto wa Dar mwenye futi 7 na inchi 3, alichaguliwa wa pili na Memphis Grizzlies mwaka 2009 na kuwa Mtanzania wa kwanza kucheza NBA. Lakini huyo ni mmoja. Warefu mnapishana nao Kariakoo kila siku.

Wala msiogope kwamba atachelewa. Tim Duncan wa Visiwa vya Virgin alikuwa muogeleaji hodari. Mwaka 1989 kimbunga Hugo kikaharibu bwawa alilofanyia mazoezi, ndipo akahamia kikapu. Alitwaa ubingwa wa NBA mara 5 na San Antonio Spurs. Usain Bolt naye alikuwa mtu wa kriketi shuleni Jamaika. Kocha wake wa kriketi ndiye aliyeona zile mbio akamshauri ajaribu riadha. Huyo ndiye kocha, si yule anayenuna!

PIMENI HIVI
Siku ya mechi kila mtu ana moyo. Tazameni mazoezi. Jua kali, hakuna mashabiki, ni mazoezi yapi anawahi bila kusukumwa?

Akifungwa, je? Mchezo unaomfanya arudi kesho yake kurekebisha makosa ndio umeshika moyo wake.

Kisha angalieni njia. Kuna kocha anayejua kazi? Uwanja uko wapi, nauli inapatikana? Atarudi saa ngapi ili asome? Pale UMISSETA soka na kikapu vyote vipo, kwa hiyo shule si adui wa michezo.

Na wewe dogo, ukishaamua usiingie mitini. Mfuate kocha unayemwacha, mshukuru, mweleze ana kwa ana. Ukiondoka kwa heshima, mlango unabaki wazi. Ukikimbia kimya kimya, siku ukitaka kurudi utaona aibu hata kupita karibu na uwanja.

Wazazi, mkishamsikia, mpeni msimu mzima bila masimango. Akifungwa msimwambie, "Si tulikuambia?" Ushauri ni wenu, lakini jasho ni lake.