Bafu la vigae lisikugharimu afya

Mwalimu mmoja alifika katika kliniki yangu Jumatatu asubuhi akitembea kwa shida. Jumamosi alikuwa ameanza kujitandikia vigae bafuni mwake, kwa kuwa ujira wa fundi ulimshinda. Alipiga magoti kwenye simiti mbichi kwa saa kadhaa, suruali ikiwa imelowa. Hakuhisi maumivu makali hadi usiku. Nilipomtazama, ngozi ya magoti yote mawili ilikuwa imekufa.

"Daktari, simiti huchoma bila moto?" aliniuliza.

Naam, msomaji, huchoma. Simiti ikichanganywa na maji hutoa chokaa kali inayokula ngozi polepole. Kwa sababu haiumi mwanzoni, mtu huendelea na kazi huku akiungua.

Simkatazi mtu kujijengea bafu. Hata hivyo, kabla ya kununua vigae, nunua glavu za mpira, buti za mpira na kitu cha kupigia magoti kisichopitisha maji. Simiti ikikurukia, vua nguo iliyolowa mara moja na uoshe mahali hapo kwa maji safi yanayotiririka kwa muda wa dakika 20. Usipake siagi wala dawa ya meno. Ikiingia jichoni, osha vivyo hivyo, kisha nenda hospitalini papo hapo.

Hatari ya pili ni vumbi. Vigae vinapokatwa vikiwa vikavu, hutoa vumbi laini ambalo huingia ndani kabisa ya mapafu na kuyaacha na makovu yasiyo na tiba. Mtu anayelivuta kwa muda mrefu pia hushikwa na kifua kikuu kwa urahisi zaidi. Kata vigae vikiwa vimeloweshwa, nje ya nyumba, watoto wakiwa mbali. Kitambaa ulichojifunga puani hakitoshi. Vaa barakoa ya N95 inayokubana vizuri.

Sasa wafikirie watakaooga humo. Vigae vinavyong'aa hupendeza dukani, lakini vikilowa na kupata sabuni huteleza mno. Mama mzee akianguka na kuvunjika nyonga, huenda asitembee tena kama zamani. Kwa sakafu, chagua vigae vidogo vyenye uso wa kukwaruza, kwani mianya mingi kati yake husaidia mguu kushika. Tumia pima maji kuhakikisha sakafu inainama kuelekea shimo la maji, kama sentimita 2 kwa kila mita. Maji yakituama, utelezi na kuvu hufuata, na kuvu humsumbua mwenye pumu.

Kuna kazi moja ambayo usiifanye mwenyewe: kuunganisha kifaa cha umeme cha kupasha maji ya kuoga. Mwili uliolowa hupitisha umeme kwa urahisi. Mwite fundi wa umeme mwenye leseni ya EPRA, na umwombe akuonyeshe waya wa kupeleka umeme ardhini kabla hajafunga kifuniko.

Mwalimu yule alihitaji wiki nyingi za kusafishwa vidonda. Pesa alizookoa kwa fundi zilikwisha kwa dawa na nauli. Kwa hivyo, ukihisi ngozi ikiwasha au kuchomachoma ukiwa kazini, weka mwiko chini uoshe. Usingoje Jumatatu.