Kifungo Si Mwisho wa Masomo

Mama wa Buzuruga, mwanao akitoka Gereza la Butimba, usikifiche cheti chake cha shule sandukuni ukidhani masomo yamekwisha. Ng'ambo ya ziwa letu, mjini Kampala, Susan Kigula alihukumiwa kifo mwaka 2002 kwa kosa la mauaji. Akiwa katika Gereza la Wanawake la Luzira, alipokelewa na Chuo Kikuu cha London, akasoma sheria hadi akapata stashahada. Kesi yenye jina lake ndiyo iliyoifanya Mahakama ya Juu ya Uganda, mwaka 2009, kuondoa ulazima wa hukumu ya kifo. Mwaka 2016 aliachiwa huru. Basi, fomu ya chuo ikiuliza habari za kifungo, mwana aseme kweli. Nawe mama, keti naye mwijaze pamoja.